Shubiri Moja, Digrii Ishirini na Sita

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Digrii Mbili hata mbele ya watoto wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe. Nyumba waliyokulia ilikuwa na vyumba viwili na cherehani moja, na cherehani ndiyo iliyopewa chumba chenye dirisha. Baba mdogo, aliyeketi hapa mbele, aliniomba wasifu huu uwe nusu ukurasa tu, na mambo ya ndege niyaruke. Nimemheshimu baba mdogo tangu nilipopata akili, ila kwa hili atanisamehe. Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na binti yake pekee. Nitasoma yote, na nyote mmepewa kijitabu ili mhakikishe siruki mstari.

Marehemu alianza shule Januari 1949 na kumaliza darasa la nane mwaka 1956. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipenda hesabu, mengine aliyavumilia. Alipokuwa darasa la saba alikataa jibu lililochapishwa nyuma ya kitabu, akasimamishwa kona ya darasa kwa kiburi, na baada ya siku tatu mwalimu akarudi na kusema kitabu ndicho kilichokosea. Kisa hicho tumekisikia si chini ya mara mia. Mama alikuwa akiona kinaanza tu, anakumbuka kitu jikoni. Kutoka hapo marehemu aliingia chuo cha ufundi, akahitimu Desemba 1959.

Tarehe 1 Juni 1960 aliajiriwa kwenye hangari ya uwanja wa ndege, kazi ya kufagia na kuosha magurudumu. Mwaka 1964 aliwekwa chini ya fundi wa dira, na mwaka 1968 akapata leseni yake mwenyewe. Kwa wale ambao hamjui kazi hiyo, nitaieleza kama alivyotueleza sisi mezani, huku wali ukipoa. Dira ni kisindano kinachotafuta kaskazini. Ndege ina vyuma, ina nyaya, na hivyo vyote vinakivuta kisindano huku na huku. Kwa hiyo ndege inasukumwa hadi kwenye duara kubwa lililochorwa kwa rangi nyeupe mbali na majengo, injini inawashwa, inageuzwa kidogo kidogo mpaka inamaliza mzunguko. Kila inaposimama, fundi anasoma dira na kurekebisha visumaku vidogo vilivyo ndani yake kwa bisibisi ya shaba, maana ya chuma ingevuta kisindano hicho hicho anachokitengeneza. Makosa madogo yanayobaki anayaandika kwenye kadi, anatia sahihi, na kadi inabandikwa mbele ya rubani. Wenzake waliridhika na makosa ya kawaida. Yeye likizidi digrii mbili alianza upya, hata kama wasukumaji wa ndege walikuwa wanamlaani chinichini. Jina lile alilipata hapo.

Mzee Nati, fundi mwenzake wa miaka thelathini ambaye leo ametembea kwa fimbo kuja hapa, aliniambia kwamba hakuna mtu aliyekaribia ndege na Baba bila kutoa vitu mfukoni. Funguo, saa, visu, miwani ya fremu ya chuma, vyote viliingia kwenye kikapu cha plastiki. Meneja mmoja aligoma kutoa funguo zake. Baba akakunja mikono akakaa kwenye lami, injini ikiunguruma, mpaka meneja akatoa. Kitu alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa redio. Spika ya redio ina sumaku ndani yake, na sumaku haijui kama redio imewashwa au imezimwa. Nyumbani kwetu redio ilikaa juu ya kabati peke yake kama mgonjwa wa surua, na dira yake ya mfukoni ilikaa chumba kingine. Sisi watoto tulijua jambo hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Naomba mlikumbuke, nitalirudia.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1967 na mama yetu, aliyekuwa karani wa posta. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1970 na mdogo wangu wa kiume mwaka 1974. Hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani. Lakini kila asubuhi kwa miaka zaidi ya arobaini Baba alimchanganyia Mama chai, akaionja, akaongeza sukari, akaionja tena, mpaka Mama anauliza kama ataachiwa japo ya kulowesha mkate. Nilipomleta nyumbani rubani niliyetaka kuolewa naye, Baba alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, kisha akaweka dira yake mezani na kumwomba atoe kila kitu mfukoni. Mwenzangu akatoa kimoja kimoja. Kisindano kilipotulia, Baba akasema huyu anafaa. Tulicheka mpaka machozi. Tulifunga ndoa tarehe 6 Mei 1995, na Baba akawa anampenda mkwe wake kuliko alivyotupenda sisi, jambo ambalo mdogo wangu hajalisamehe hadi leo.

Sasa nafika pale ambapo baba mdogo aliniomba niruke.

Jumapili, tarehe 19 Julai 1998, tulifanya sherehe ndogo nyumbani kwangu. Mume wangu alikuwa anatimiza miaka thelathini na tatu. Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Wazazi wangu walikuja, na mama mkwe wangu alikuja. Baba alipofika mlangoni nilimwona ameshika dira yake, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwambia, "Baba, leo hiyo dira iache. Usituharibie sherehe ya watu." Hakubisha. Alimpa Mama aiweke kwenye mkoba. Baadaye mume wangu akafungua zawadi yangu. Ilikuwa redio ya mfukoni, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye spika na waya wa masikioni. Nilikuwa nimeichagua dukani mwenyewe, mimi niliyekulia nyumba ile, na wala halikunipitia kichwani. Mume wangu aliibusu mbele ya watu, akasema sasa mpira atausikia hata akiwa mawinguni. Watu wakapiga makofi. Baba alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Aliitazama redio, akanitazama mimi, akanywa chai yake.

Alhamisi, tarehe 30 Julai, marehemu aliizungusha ndege ya mkwe wake juu ya duara kama ilivyopangwa, akaandika kadi na kutia sahihi. Mzee Nati alikuwepo, alisukuma mkia wa ndege kwa mikono yake mwenyewe. Anasema hakuna mahali iliposimama ambapo kosa lilizidi digrii moja na nusu.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1998, saa tisa alasiri, mume wangu aliruka na abiria watatu: mwalimu, mpima ardhi, na mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Safari ilikuwa ya dakika hamsini. Mawingu yalikuwa yamefunga, chini hakuonekani kitu, na ndege ndogo kama ile ilikuwa haina cha kuiongoza zaidi ya vyombo vyake vya mbele, na vile vya kuonyesha njia rubani alivipanga kwa kuiangalia dira. Ndege iliacha njia taratibu, bila mtu yeyote ndani kujua, ikagonga kilima ambacho haikupaswa hata kukiona. Hakupona mtu.

Tulimzika mume wangu tarehe 13 Agosti. Neno lilikuwa limeshaenea kwamba ndege ilipotea njia, na kwamba kadi ya dira ilikuwa na siku tisa tu. Pale kaburini Baba alikuja kunishika bega. Nilimwambia, na wengi wenu mlikuwepo na mlisikia, "Dira ilikuwa yako, Baba. Usiniguse."

Aliushusha mkono. Tangu siku hiyo hakujaribu tena, na mimi sikuzungumza naye kwa miaka mitano.

Tume ya uchunguzi ilikaa Oktoba. Dira yenyewe ilikuwa imesagika, haikupimika. Iliyobaki ilikuwa kadi, na kwenye kadi sahihi. Mzee Nati alieleza aliyoyaona, wakamwambia ni rafiki wa mtuhumiwa. Kisha wakamwuliza Baba kama anajua kitu chochote kilichokuwa ndani ya ndege ambacho kingeweza kuivuta dira. Akajibu, "Sijui." Februari 1999 ripoti ikatoka. Iliandikwa kwamba huenda dira haikurekebishwa ipasavyo. Kwa neno hilo "huenda" marehemu alinyang'anywa leseni baada ya miaka thelathini na minane na miezi minane ya kazi. Alirudi nyumbani na sanduku la bisibisi za shaba, akaliingiza chini ya kitanda.

Maisha yake baada ya hapo mnayajua, maana wengine mlikuwa mnavuka barabara mkimwona. Simsuti mtu, mimi mwenyewe nilivuka. Alifungua meza ya kutengeneza saa za ukutani na pasi kwenye kibaraza cha nyuma. Wateja hawakuja. Dukani watu walinong'ona, yule wa ndege. Wazazi wa yule mwalimu walimwandikia barua kila mwezi wa nane, na yeye alizisoma zote, akazikunja, akazitunza. Mama mkwe wangu hakukanyaga tena nyumba ile.

Kila Jumatatu, kwa miaka kumi, marehemu alikwenda kwa miguu hadi geti la uwanja wa ndege na kuwagawia marubani karatasi alizoziandika kwa mkono. Ziliandikwa hivi: Redio, hata iliyozimwa, isikae karibu na dira. Simu pia. Weka mbali urefu wa mkono. Walinzi walimfukuza. Marubani vijana walimcheka, wakasema mzee akili zimemruka, anatafuta wa kumsingizia. Siku moja nilipita na gari la ofisi nikamwona anaokota karatasi zake zilizotupwa barabarani, anazipangusa vumbi, anazinyoosha kwa kiganja. Nilimwambia dereva aendelee.

Mwaka 2003 nilianza tena kwenda nyumbani, kwa sababu ya binti yangu aliyekuwa anamdai babu yake. Tulisalimiana. Tulizungumza habari za mvua na bei ya sukari. Alimfundisha mjukuu wake kusoma dira. Yale maneno ya kaburini sikuyafuta, na yeye hakuyadai. Nilijiambia kwamba kumsamehe kimyakimya kunatosha. Leo nasoma sentensi hiyo na uso unaniwaka, lakini ndivyo nilivyojiambia.

Tarehe 3 Juni 2009 marehemu alipatwa na kiharusi kilichochukua mkono wa kulia na kauli. Mama alimwuguza bila kulalamika. Hospitalini alipopelekwa kwenye ile mashine kubwa ya kupiga picha za kichwa, ambayo nayo ni sumaku, fundi wa mashine alimwuliza kama ana chuma chochote mwilini au nguoni. Baba alimkazia macho, kisha akanyoosha mkono wa kushoto na kumwonyesha kidole kwenye mfuko wa shati. Yule kijana akatazama, akakuta amesahau funguo zake. Upande mmoja wa uso wa Baba ulicheka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka. Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 12 Novemba mwaka huu, na alikata roho Jumanne, tarehe 15 Novemba 2011, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshikia kikombe cha chai.

Jumatano Mama aliniita chumbani, akavuta lile sanduku la bisibisi kutoka chini ya kitanda, akaniambia nifungue. Alisema Baba alimwapisha kwamba akiwa hai nisioneshwe, na akishakufa Mama aamue mwenyewe. "Nimeamua," alisema. "Nimechoka kulala juu yake."

Ndani kulikuwa na redio niliyomnunulia mume wangu. Ilikuwa imepasuka upande mmoja, spika ikiwa nzima. Polisi waliporudisha vitu vya mume wangu mwaka ule nilikataa hata kuliangalia boksi, Mama akalichukua, na Baba ndiye aliyelifungua. Kando ya redio kulikuwa na daftari lake la kazi. Ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 2 Septemba 1998, mwezi mmoja kabla ya tume kukaa. Nausoma kama ulivyo, na shubiri yake ni ya kiganja kilichotanuliwa.

"Redio ya mkwe, imepatikana juu ya ubao wa vyombo vya rubani, kwa maelezo ya polisi. Kutoka hapo hadi kwenye dira, shubiri moja. Nimejaribu kwenye dira ya mfukoni. Shubiri moja, imewashwa: digrii 26. Shubiri moja, imezimwa: digrii 26. Shubiri mbili: digrii 4. Urefu wa mkono: sifuri. Niliiona siku inafunguliwa. Nilinyamaza. Mtoto asiambiwe."

Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka aje mtu anigombeze, lakini Mama alikuwa anakunja shuka.

Kwa hiyo alijua. Alipowajibu wale wakubwa "Sijui" alikuwa na jibu mfukoni, limepimwa na kuandikwa tarehe. Angelitoa, jina lake lingesafishwa siku ile ile, na redio ingeulizwa ilitoka wapi. Alichagua nimchukie yeye. Nilimchukia kwa bidii, kwa miaka, mbele ya watu, na kwenye sherehe ile ni mimi niliyemwambia dira aiache. Maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu na redio karibu na ndege akanyamaza, isipokuwa siku moja, na siku hiyo alinyamaza kwa sababu nilimwomba. Simwambii mtu nilivyolia, maana kulia kwangu hakumsaidii chochote.

Alhamisi nilikwenda kwa mama mkwe wangu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikijua anaweza kunifukuza, na angekuwa na haki. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ilikutwa na waya wa masikioni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anasikiliza mpira." Akajifuta macho kwa kanga. Nilipomwambia kwamba wazee wanataka nifupishe wasifu, akasema, "Soma wote. Na kiti changu kiwe mbele." Yupo hapa. Ameketi karibu na Mama, na wameshikana mikono tangu tulipoanza.

Jana nimepeleka nakala ya ukurasa ule kwa familia ya mwalimu, ya mpima ardhi na ya yule mama, na kwa ofisi iliyomnyang'anya leseni. Wanaotaka kunishtaki mimi, nyumba yangu wanaijua. Mzee Nati ameniambia jambo moja nililokuwa silijui: karatasi mojawapo ya Baba imebandikwa kwenye chumba cha marubani miaka mingi sasa, na kila rubani mgeni anaonyeshwa kabla ya kupewa ndege. Hakuna anayejua nani aliiandika. Kuanzia leo mwambieni.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mtoto wa kiume mmoja, binti mmoja aliyemkosea, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, na Mzee Nati, ambaye si ndugu kwa damu ila hakuna siku aliyovuka barabara.

Juu ya jeneza tumeweka dira yake ya mfukoni. Nawaomba mnaombeba mtoe simu, funguo na saa zenu kabla ya kusogea. Mama ameweka kikapu cha plastiki mapajani. Mtaona kisindano kinatulia.

Sasa nakuambia wewe, Baba, mbele ya hawa walionisikia siku ile. Dira ilikuwa yako, na ilikuwa sawa. Pumzika.